Sababu za mageuzi ya Bunge la Uingereza, 1832 hadi 1885: uegemee maelezo yapi?

Mtu anayeandika insha au kuandaa somo kuhusu chanzo cha mageuzi ya Bunge na haki ya kupiga kura nchini Uingereza katika karne ya 19 hukutana, karibu kila anapogeuka, na orodha ileile ya sababu: kukua kwa viwanda na miji, hofu ya mapinduzi, shinikizo la wafanyakazi, ushindani wa vyama na kuenea kwa fikra za uhuru. Orodha hiyo si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba inazipanga sababu zote mstari mmoja, kana kwamba kila moja ilikuwa na nguvu ileile mwaka 1832, 1867 na 1884, na msomaji anabaki hajui aegemee wapi. Makala hii inayaweka maelezo makubwa matatu bega kwa bega na kuyapima kwa maswali mawili: je, yanaeleza kwa nini sheria ilipita mwaka ule na si mwingine? Na je, yanaeleza kwa nini sheria ile iliishia pale ilipoishia? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Viwanda vinaeleza kwa nini suala lenyewe lilikuwepo. Shinikizo la umma linaeleza mwaka 1832 kuliko maelezo mengine yoyote. Hesabu za vyama zinaeleza sehemu kubwa ya yaliyotokea mwaka 1867. Na sheria za 1884 na 1885 zinaeleweka vizuri zaidi kama mapatano ya viongozi yaliyofikiwa huku mikutano ya hadhara ikiendelea nje.

Kilichotakiwa kubadilishwa

Old Sarum, kilima chenye magofu karibu na Salisbury ambacho hakikuwa na wakazi, kilikuwa na wabunge wawili. Dunwich, mji wa pwani ya Suffolk ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imemezwa na bahari, nao ulikuwa na wawili. Kaunti ya Cornwall peke yake ilipeleka wabunge zaidi ya 40. Wakati huohuo Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield, miji iliyofuma nguo na kufua vyuma vilivyouzwa katika masoko ya dunia, haikuwa na mbunge hata mmoja wa kwake. Wakazi wake waliomiliki ardhi ya kutosha walipiga kura katika kaunti zao tu. Scotland, yenye watu zaidi ya milioni mbili, ilikuwa na wapiga kura wasiofika 5,000.

Sifa za mpiga kura nazo zilitofautiana kutoka mji mmoja hadi mwingine. Preston karibu kila mwanamume mkazi aliweza kupiga kura, ilhali katika miji mingine haki hiyo ilikuwa ya madiwani wachache waliochaguana wenyewe kwa wenyewe. Kura ilipigwa hadharani, mtu akimtaja mgombea wake kwa sauti huku mwenye nyumba wake, mwajiri wake au wakala wa lodi wa eneo hilo akisikiliza. Viti vingi vilikuwa mali ya mtu, vikinunuliwa, kurithishwa au kutolewa kama zawadi.

Maelezo ya kwanza: viwanda na miji

Wanaoegemea maelezo haya wanasema kwamba utajiri na watu walihama lakini viti vya Bunge vikabaki palepale. Sensa ya kwanza ya 1801 ilikuta England na Wales zina watu wapatao milioni 8.9, ile ya 1831 ilikuta karibu milioni 13.9, na ongezeko hilo lilikuwa kubwa zaidi kaskazini na katikati mwa nchi, kwenye makaa ya mawe na viwanda vya pamba. Wenye viwanda na wafanyabiashara walilipa kodi, waliajiri maelfu, lakini sheria zilitungwa na wenye ardhi kwa faida ya wenye ardhi. Mfano uliowauma zaidi ni Sheria ya Nafaka ya 1815, iliyozuia ngano ya nje isiingie hadi bei ya ndani ipande sana, jambo lililofanya mkate uwe ghali na kumlazimisha mwenye kiwanda asikilize madai ya mishahara mikubwa zaidi ili mkabaila apate pango zuri.

Nguvu ya maelezo haya ni kwamba yanaonyesha kwa nini tabaka la kati liliona Bunge kama chombo cha watu wengine. Yanaonyesha pia kwa nini sheria ya 1832 ilifuta kabisa majimbo madogo 56 na kuipa Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield wabunge wawili kila mmoja. Ramani mpya ya viti ilifuata, kwa kiasi fulani, ramani ya viwanda.

Udhaifu wake unajitokeza unapouliza swali la wakati. William Pitt, akiwa waziri mkuu, alipendekeza mwaka 1785 kufuta majimbo 36 yaliyooza, yaani yale yenye wapiga kura wachache mno kama Old Sarum, akashindwa Bungeni. Charles Grey, yuleyule atakayefanikiwa miaka 35 baadaye, alileta hoja ya mageuzi mwaka 1797, akashindwa vibaya. Manchester ilikuwa tayari inakua na Old Sarum ilikuwa tayari tupu. Kasoro iliyodumu miaka hamsini bila kurekebishwa haiwezi, yenyewe peke yake, kueleza kwa nini ilirekebishwa Juni 1832. Vita na Ufaransa vilivyoanza 1793 viliwafanya watawala wamwone kila mdai mageuzi kama mwanamapinduzi wa Paris, na baada ya vita kwisha 1815 hali ya hofu haikuisha: tarehe 16 Agosti 1819, askari wapanda farasi waliwavamia watu wapatao 60,000 waliokusanyika katika uwanja wa St Peter's, Manchester, kumsikiliza Henry Hunt, wakaua zaidi ya watu 10 na kujeruhi mamia. Serikali haikujibu kwa mageuzi. Ilijibu kwa kubana zaidi mikutano na magazeti.

Maelezo haya hayaelezi vizuri kiwango cha mageuzi pia. Sheria ya 1832 iliweka kigezo kimoja cha majimbo ya miji, yaani mwanamume mwenye nyumba inayostahili pango la pauni 10 kwa mwaka. London, ambako pango lilikuwa juu, mafundi wengi walifikia kigezo hicho. Leeds, mji wa viwanda hasa, wafanyakazi wengi hawakukifikia. Preston, waliokuwa na haki ya zamani walibaki nayo maisha yao yote lakini watoto wao hawakuirithi, kwa hiyo wafanyakazi wa mji huo walizidi kupungua kwenye daftari la wapiga kura baada ya mageuzi. Kama viwanda ndivyo vilivyoandika sheria hiyo, basi viliiandika kwa ajili ya mwenye kiwanda tu. Hilo si jibu baya, lakini linatupeleka kwa waliokuwa wamekaa mezani, na viwanda havikuwa mezani.

Maelezo ya pili: shinikizo la umma na hofu ya mapinduzi

Hapa ndipo 1832 inapokaa vizuri. Mwaka 1830 matukio yaliandamana kwa kasi. Januari, Thomas Attwood, mwenye benki wa Birmingham, alizindua chama cha kisiasa cha mji huo kilichowaunganisha mabwana wa viwanda na mafundi wao. Juni, mfalme George wa Nne alifariki, na kwa sheria ya wakati ule kifo cha mfalme kilimaanisha uchaguzi. Julai, Wafaransa walimwangusha mfalme wao kwa siku tatu, tena bila umwagaji damu wa miaka ya 1790, jambo lililowafanya wengi Uingereza waone kwamba utawala unaweza kubadilishwa bila nchi kuteketea. Kuanzia Agosti vibarua wa mashamba kusini na mashariki mwa England walivunja mashine za kupura nafaka na kuchoma maghala. Septemba, Duke wa Wellington, waziri mkuu, alihudhuria ufunguzi wa reli ya Liverpool na Manchester na kupokewa Manchester kwa kelele za hasira. Novemba akasimama mbele ya Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge, na kusema kwamba mfumo uliopo hauhitaji kuboreshwa. Wiki mbili baadaye hakuwa waziri mkuu tena.

Grey alipochukua nafasi yake, serikali yake ilijaa makabaila wenye ardhi, watu ambao hakuna kilichowasukuma kuipenda demokrasia. Walichotaka ni kulitenganisha tabaka la kati na wafanyakazi kabla haijachelewa, na hawakuficha. Macaulay, mbunge aliyeiunga mkono serikali hiyo, aliwaambia wenzake Machi 1831, kwa maneno yasiyo na fumbo, kwamba njia ya kuhifadhi ni kurekebisha. Mswada wa kwanza, uliowasilishwa na Lodi John Russell, ulipita kusomwa mara ya pili kwa kura 302 dhidi ya 301, kisha ukakwama kwenye marekebisho. Grey akaomba uchaguzi mpya na akaushinda kwa kishindo. Tarehe 8 Oktoba 1831 Baraza la Malodi likaukataa mswada wa pili kwa kura 199 dhidi ya 158. Nottingham ikalipuka na ngome ya Duke wa Newcastle ikachomwa moto. Mwishoni mwa mwezi Bristol ilikuwa mikononi mwa waandamanaji kwa siku tatu.

Mei 1832 ndiyo iliyoamua. Malodi waliupinga tena mswada, Grey akajiuzulu, na mfalme William wa Nne akamwita Wellington aunde serikali. Wakati Wellington akitafuta mawaziri bila mafanikio, Francis Place, fundi cherehani wa London aliyekuwa mpangaji hodari wa harakati, na wenzake walibandika mabango yaliyowahimiza watu wakabadilishe noti zao kwa dhahabu ili kumzuia Duke. Watu wakaenda, na akiba ya dhahabu ya Benki ya England ikaanza kushuka. Huu haukuwa umati wa mawe na mienge. Ulikuwa umati wenye akaunti benki, na watawala waliujali kuliko ule wa Bristol. Grey alirudishwa, mfalme akakubali kwamba ikibidi atateua malodi wapya wa kutosha kuupitisha mswada, na tishio hilo pekee likatosha. Sheria ilipata idhini ya mfalme tarehe 7 Juni 1832.

Wanahistoria wamebishana kwa muda mrefu kama mapinduzi yangetokea kweli. Nadhani swali hilo limepewa uzito usiostahili, kwa sababu kinachohitajika ili maelezo haya yasimame si kwamba mapinduzi yalikuwa mlangoni, bali kwamba watu waliokuwa na madaraka waliamini yanaweza kuja. Hilo limeandikwa wazi katika hotuba zao.

Hata hivyo, anayetaka kuyabeba maelezo haya kwa karne nzima atakwama kwa Wachartisti, harakati ya wafanyakazi iliyopewa jina kutokana na hati ya madai yao. Hati ya Watu ya 1838 ilidai mambo sita: kura kwa kila mwanamume mtu mzima, kura ya siri, kufutwa kwa sharti la mbunge kuwa na mali, mshahara kwa wabunge, majimbo yenye idadi sawa ya watu, na uchaguzi kila mwaka. Maombi yao ya 1839 yalikuwa na saini zipatazo milioni 1.28, na ya 1842 zaidi ya milioni 3.3, Bunge liliyakataa ya kwanza kwa kura 235 dhidi ya 46 na ya pili kwa 287 dhidi ya 49. Newport, huko Wales, Novemba 1839, wanajeshi waliwafyatulia risasi waandamanaji na zaidi ya 20 wakafa. Aprili 1848, mwaka ambao nusu ya Ulaya ilikuwa inawaka, mkutano mkubwa wa Wachartisti katika uwanja wa Kennington, London, ulikutana na ulinzi uliosimamiwa na Wellington yuleyule aliyeshindwa 1832, akisaidiwa na maelfu ya askari wa kujitolea waliotoka tabaka la kati. Maombi ya tatu yakakataliwa kama ya kwanza.

Kulinganisha 1832 na miaka hiyo kunafundisha kuliko kusoma kila moja kivyake. Idadi ya watu mitaani haikuwa tofauti kuu; Wachartisti huenda walikuwa wengi zaidi. Tofauti ni mbili. Mwaka 1832 mwenye duka na fundi wake walisimama upande mmoja, na mwaka 1848 mwenye duka alishika rungu la polisi. Mwaka 1832 watawala waligawanyika, baadhi yao wakitaka mageuzi kwa sababu zao. Mwaka 1848 walikuwa kitu kimoja. Kwa hiyo shinikizo lilifanya kazi pale lilipokuta ufa juu, na mtu anayesema tu kwamba wananchi walidai na Bunge likatoa anasema nusu ya jambo.

Maelezo ya tatu: hesabu za vyama

Ufa wa 1830 wenyewe ulitokana na siasa za vyama. Mwaka 1829 Wellington na Robert Peel waliwaruhusu Wakatoliki kuingia Bungeni, wakihofia vita vya wenyewe kwa wenyewe Ireland, na kundi la msimamo mkali ndani ya chama chao, Watory, likawaona wasaliti. Baadhi yao walifikia hatua ya kudai mageuzi ya Bunge wakiamini kwamba Bunge lenye uwakilishi mpana zaidi lisingewahi kuwakubali Wakatoliki. Marquess wa Blandford alileta hoja ya aina hiyo mwaka 1830. Chama cha Tory, kilichokuwa madarakani karibu mfululizo kwa zaidi ya miaka 20, kiliingia kwenye mtafaruku wa 1830 kikiwa kimepasuka katikati.

Lakini ni mwaka 1867 ambapo maelezo haya yanajitosheleza karibu yenyewe. Lodi Palmerston, kiongozi wa Waliberali aliyeyazuia mageuzi kwa miaka mingi, alifariki Oktoba 1865. Mwaka uliofuata Russell na William Gladstone walileta mswada wa kiasi, uliolenga kuwapa kura wapangaji wa mijini wanaolipa pauni 7 kwa mwaka, na ukaangushwa na waasi wa chama chao wenyewe wakiongozwa na Robert Lowe, aliyewaona wafanyakazi kuwa hawana elimu wala maadili ya kupewa Bunge. Serikali ikaanguka Juni 1866. Lodi Derby na Benjamin Disraeli wa Wahafidhina, jina jipya la Watory, wakaingia madarakani bila wingi wa wabunge, chama chao kikiwa hakijashinda wingi katika uchaguzi tangu 1841.

Hapo ndipo wanaoegemea shinikizo la umma huleta ushahidi wao, nao ni ushahidi wa kweli. Tarehe 23 Julai 1866 Jumuiya ya Mageuzi, iliyoongozwa na wakili Edmond Beales, ilikuta milango ya Hyde Park imefungwa na umati ukaangusha uzio wa vyuma. Tarehe 6 Mei 1867 jumuiya hiyo ilifanya mkutano humohumo licha ya katazo la serikali, polisi wakaacha, na waziri wa mambo ya ndani, Spencer Walpole, akajiuzulu. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya tangu benki kubwa ya Overend, Gurney ilipofilisika Mei 1866, na kipindupindu kiliua watu mashariki mwa London mwaka huohuo. Haya yote yaliwaonyesha wabunge kwamba suala halitalala.

Hata hivyo fuatilia kilichotokea ndani ya Bunge. Disraeli aliwasilisha Machi 1867 mswada uliotaka kumpa kura kila mwenye kaya mjini, lakini akauzungushia vizuizi: ni yule tu anayelipa mwenyewe kodi ya halmashauri ndiye angehesabiwa, na matajiri wangepata kura ya ziada. Mawaziri watatu, akiwemo Cranborne ambaye baadaye tutamkuta kama Lodi Salisbury, walijiuzulu kwa hasira hata kwa hayo. Kisha vizuizi vikaanza kuondolewa kimoja baada ya kingine, na hapo mjadala ukawa kama mnada ambao mnunuzi anapandisha dau ili mwenzake asichukue bidhaa. Disraeli alikubali marekebisho kutoka kwa karibu mbunge yeyote isipokuwa Gladstone. Aprili aliyaangusha mapendekezo ya Gladstone kwa kura 310 dhidi ya 289, baadhi ya Waliberali wakimtosa kiongozi wao. Mei, mbunge wa Kiliberali asiye maarufu, Grosvenor Hodgkinson, alipendekeza kufuta utaratibu ambao mwenye nyumba alilipa kodi ya halmashauri kwa niaba ya wapangaji na kuijumlisha kwenye pango. Kizuizi kikuu cha Disraeli kilitegemea utaratibu huohuo. Ukifutwa, wapangaji wengi mno wa mijini wangekuwa walipa kodi na kwa hiyo wapiga kura. Disraeli aliyakubali bila kuwashauri mawaziri wenzake. Kwa hatua hiyo moja watu laki kadhaa waliingia kwenye mswada.

Idadi ya wapiga kura wa England na Wales ilipanda kutoka takriban milioni moja hadi takriban milioni mbili, zaidi ya alichoomba Gladstone mwaka mmoja kabla. Je, uzio wa Hyde Park unaeleza hilo? Unaeleza kwa nini ilibidi kuwe na mswada wowote. Hauelezi kwa nini chama cha wenye ardhi kilipitisha mswada mpana kuliko wa wapinzani wao. Kinachoeleza ni kwamba Disraeli alitaka ushindi wa chama chake, alitaka kumwaibisha Gladstone, na alihakikisha kwamba kaunti, ngome ya Wahafidhina, hazikuguswa sana: kigezo cha huko kilibaki juu, na mipaka ilichorwa upya ili wakazi wa pembezoni mwa miji watolewe kwenye majimbo ya kaunti. Malipo yake yalichelewa, kwani uchaguzi wa 1868 ulimpa Gladstone ushindi, lakini mwaka 1874 Wahafidhina walipata wingi wao wa kwanza baada ya miaka 33.

1884 na 1885: mapatano

Kuhusu sheria hizi vitabu vingi huwa vifupi, na nadhani ni kosa, kwa sababu ndizo zilizobadilisha zaidi umbo la siasa. Baada ya 1867 fundi wa Birmingham alikuwa na kura na mchimba makaa wa kijijini Durham hakuwa nayo, ingawa walifanya kazi ngumu ileile na kulipa pango lilelile. Upuuzi huo uliwaunganisha wachimba migodi na vibarua wa mashamba, ambao tangu 1872 walikuwa na chama chao cha wafanyakazi kilichoanzishwa na Joseph Arch, kibarua wa Warwickshire na mhubiri wa Kimethodisti. Kura ya siri, iliyoletwa na sheria ya 1872, ilimwondolea mkulima hofu ya mwenye shamba, na sheria ya 1883 ikapunguza hongo kwa kuweka kikomo cha matumizi ya mgombea.

Gladstone alipoleta mswada wa kulinganisha kaunti na miji mwaka 1884, hakuna aliyebisha sana juu ya haki yenyewe. Salisbury, sasa kiongozi wa Wahafidhina akiwa na wingi katika Baraza la Malodi, alikataa kuupitisha mpaka aone viti vitagawanywaje. Waliberali wakaandaa maandamano makubwa London Julai. Oktoba mkutano wa Wahafidhina huko Aston, Birmingham, ulivurugwa kwa vurugu. Malkia Victoria akawasihi viongozi wakutane. Novemba walikutana kwa siri, Gladstone, Charles Dilke na Hartington upande mmoja, Salisbury na Northcote upande wa pili, na wakakubaliana. Mswada wa kura ulipata idhini Desemba 1884, na sheria ya kugawa viti ikafuata 1885.

Linganisha hapa na 1832. Mara zote mbili Malodi walikuwa kizuizi na umati ulikuwa barabarani. Lakini mwaka 1832 Malodi walilazimishwa, na mwaka 1884 walilipwa. Salisbury alipata alichotaka: miji midogo yenye watu chini ya 15,000 iliunganishwa na kaunti, na karibu nchi nzima iligawanywa katika majimbo ya mbunge mmoja mmoja, kiasi kwamba vitongoji vya wenye kipato kizuri vilivyotenganishwa na mitaa ya wafanyakazi viliweza kumchagua Mhafidhina bila kuzamishwa na kura za katikati ya mji. Wapiga kura wa Uingereza nzima walizidi milioni tano, takriban wanaume sita kati ya kila kumi. Waliobaki nje ni pamoja na watumishi wanaoishi kwa waajiri wao, vijana wanaoishi kwa wazazi, na waliokuwa wakipokea msaada wa maskini.

Kipimo cha wanawake

Ukitaka kipimo kimoja cha kuyalinganisha maelezo haya haraka, yaulize kuhusu wanawake. Viwanda vya pamba vya Lancashire viliendeshwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wanawake na wasichana, kwa hiyo kama viwanda vilileta kura, kura ilipaswa kuwafikia. Haikuwafikia, sheria ya 1832 ndiyo ya kwanza kuandika kwa maneno kwamba mpiga kura ni mwanamume. John Stuart Mill, mwanafalsafa na mbunge, alipendekeza mwaka 1867 neno hilo lifutwe, akapata kura 73 dhidi ya 196. Mwaka 1884 pendekezo kama hilo lilishindwa baada ya Gladstone kulipinga kwa hoja kwamba mswada tayari umebeba mzigo wa kutosha na ukiongezwa utazama Malodini. Waliberali kadhaa walihofia pia kwamba wajane wenye mali wangewapigia kura Wahafidhina. Hesabu za vyama zinajibu swali hili vizuri, viwanda havilijibu, na shinikizo linajibu kwa sehemu tu, kwamba harakati za wanawake wakati huo hazikuwa na uwezo wa kumtisha mtu kwa namna ya Mei 1832. Fikra za uhuru, ambazo orodha za vitabu huzitaja mwisho, zinaonekana hapa kwa ukubwa wake halisi: zilimpa Mill hoja, hazikumpa kura za kutosha.

Kwa hiyo uchague lipi

Kama swali linauliza kwa nini mageuzi yalihitajika, anza na viwanda na miji, na usiwe na haya kuyapa nafasi ya kwanza. Kama linauliza kwa nini yalipita 1832, weka shinikizo mbele, lakini tumia nusu ya nafasi yako kuonyesha mgawanyiko wa Watory baada ya 1829, vinginevyo msahihishaji makini atakuuliza mbona Wachartisti walishindwa. Kwa 1867, anayeanza na Hyde Park na kumaliza na Disraeli ameandika vizuri. Anayemwacha Hodgkinson ameacha kiini. Kwa 1884, usiishie kwenye idhini ya Desemba, maana bila sheria ya viti ya 1885 huwezi kueleza kwa nini Salisbury alikubali. Na swali likitaja karne nzima, jihadhari na sentensi inayodai kwamba sababu moja ilitawala tangu mwanzo hadi mwisho. Ukilazimika kuchagua moja, ningechagua mgawanyiko na ushindani wa watawala wenyewe, kwa kuwa ndio pekee unaoonekana katika ushindi wote na kukosekana katika kushindwa kwa 1839, 1842 na 1848.

Ireland inahitaji hesabu yake tofauti, na ulinganisho wa hapo juu hauifai bila marekebisho. Mwaka uleule wa 1829 ambao Wakatoliki waliruhusiwa kuingia Bungeni, kigezo cha mpiga kura katika kaunti za Ireland kilipandishwa kutoka shilingi 40 hadi pauni 10, na wapiga kura wa kaunti wakaporomoka kutoka takriban 216,000 hadi takriban 37,000. Huko kutoa haki na kupokonya haki vilikwenda pamoja, na sababu kuu haikuwa viwanda wala Hyde Park, bali suala la dini na la nani aitawale nchi hiyo. Sheria ya 1884 ilipowafikia wakulima wa Ireland, chama cha Charles Stewart Parnell, kilichodai Ireland ijitawale, kilipata viti 86 mwaka 1885, na Gladstone, aliyepigania sheria hiyo kwa ajili ya chama chake, akajikuta hawezi kuunda serikali bila wao.